Klipu ya Chini ya Pampu

Trekta ikichemka, unaizima, unashuka, unatafuta kivuli. Unamlaani aliyeacha rejeta izibe, unangoja injini ipoe, unaongeza maji, unaendelea na kazi. Hayo nimeyafanya karibu maisha yangu yote kwenye shamba la katani huku upande wa Korogwe. Niliudhika mara nyingi, nilikosa chakula cha mchana, nilisemwa na wakubwa kwamba nalala porini. Lakini kuogopa, hapana. Hofu nilikuja kuijua nikiwa na mvi tayari, baada ya kushika injini ya kitu ambacho kikichemka hakina pembeni pa kusimama.

Kitu chenyewe kilikuwa ndege ndogo ya viti viwili. Mwenye nayo alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, rubani, mtoto wa watu wa Handeni waliokwenda kufanya kazi Ulaya wakamzalia huko huko kwenye baridi. Alirudi nchini na vyeti viwili, kimoja cha kurusha ndege na kingine cha kuihudumia hiyo ya kwake, akakubaliana na shamba letu aiweke kwenye kiwanja cha zamani cha nyasi ambacho kabla ya hapo kilikuwa malisho ya mbuzi wa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kutoka juu: mashamba, mabonde, mahali maji yanapopita na mahali yalipoacha kupita. Wiki hii yuko Korogwe, wiki ijayo yuko juu ya Handeni.

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Wazazi wake walimlea nacho ndani ya nyumba kule ugenini, akawa anaongea kama mtangazaji wa redio, kila neno limenyooka. Mimi changu ni cha kambi ya katani: babu alitoka mbali kuja kukata mkonge, bibi akatoka mbali kwingine, mke wangu ni Mzigua wa Mkata, na kila mmoja ametia chake. Kila asubuhi dada huyu alinipa shikamoo ya heshima kabisa. Taratibu nikasahau kwamba hakukulia kwetu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotaka kumuua.

Siku moja alikuja karakana akaniambia mipira ya kulanti ya injini yake imemaliza miaka yake. Mimi maji ya rejeta nayaita maji, hata yawe na rangi gani, kwa hiyo nikamuuliza kama mipira ya maji imepasuka.

"Haijapasuka, fundi. Imezeeka. Inatolewa yote."

"Hata iliyo mizima?"

"Hata iliyo mizima. Huko juu siwezi kushuka nikaangalia."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nilitaka kumwambia atafute fundi wa ndege, Arusha huko au Dar, wamejaa. Akasema cheti cha kazi hiyo anacho yeye mwenyewe, anachokosa ni vidole. Pampu ya maji ya injini ile imejificha chini kwa nyuma, kati ya bomba la moshi na ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya rubani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umewahi kuvunjika kifundo na haukunjiki vizuri. Mimi nina vidole virefu vyembamba. Mke wangu husema vilikuwa vya mpiga kinanda, vikapotelea kwenye grisi. Nikakubali, na tangu nilipokubali sikulala vizuri.

Tulianza asubuhi. Alifungua boneti, mimi naiita boneti, tukamwaga maji ya zamani kwenye beseni. Injini ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilidhani anatania. Nimeona pampu za umwagiliaji kubwa kuliko ile. Silinda nne, kila moja na mpira wake unaotoka kwenye pampu chini, na mwingine unaopanda juu kwenye kikopo cha akiba. Halafu miwili minene ya kwenda na kurudi kwenye rejeta. Kila mwisho wa mpira una klipu ya chuma inayokazwa kwa bisibisi. Nilizihesabu zote nikawa naziona hata nikifumba macho.

Ile mipira ya zamani niliibonyeza mmoja mmoja. Mpira mzima ukiubonyeza unarudi. Ile mingine ilibaki na alama ya kidole, na mmoja, karibu na bomba la moshi, ulitoa sauti ya kukwaruza na ndani yake nikaona nyufa nyembamba zimezunguka. Kwa nje ulikuwa unang'aa. Nikamuonyesha. Aliutazama kwa muda, akautupa kwenye gunia, na mimi nikafikiria mara ngapi alikuwa amekaa nyuma ya mpira ule, juu ya milima, peke yake.

Nilipoanza kuvalisha mipira mipya nilichovya kidole kwenye oili, kama tufanyavyo kwenye trekta ili mpira uteleze. Akanishika mkono.

"Hapana oili. Loanisha na kulanti hiyo hiyo."

"Hautaingia."

"Utaingia polepole. Ukiteleza kuingia, utateleza kutoka."

Nilikasirika, kuwa mkweli. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunishika mkono kazini. Lakini hasira yenyewe ilikuwa imefunika woga, maana niliona kwamba mambo ninayoyajua kwa mazoea, kwenye chombo hiki yanaweza kuwa ndiyo makosa. Tangu hapo kila nilichotaka kufanya nilikifikiria mara mbili. Kwenye matrekta mkono wangu haukuwahi kungoja kichwa.

Siku ya pili asubuhi aliwasha injini ndege ikiwa imefungwa kamba chini. Ilipiga kelele, nyasi zikalala, mbuzi wa mlinzi wakakimbilia mkongeni. Nilichungulia na tochi: hakuna tone. Akaizima, tukaiacha ipoe. Akanieleza kwamba mpira mpya ukipata moto mara ya kwanza unajilaza, na klipu iliyobana jana inalegea. Kwa hiyo klipu zote zinarudiwa, moja baada ya nyingine, halafu yeye atazunguka hewani mara tatu juu ya kiwanja, na ikiwa shwari ataelekea Handeni, kuna bonde upande wa Kwaluguru aliahidi kulipiga picha kabla mawingu ya mchana hayajapanda.

Nikazirudia. Nilipita silinda hadi silinda, nikinong'ona kila moja kama mtu anayehesabu watoto wake. Ikabaki ya mwisho, ya chini ya pampu, kwenye ule mpira mnene. Nililala chali juu ya turubai nikaingiza mkono. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimegeukia ukutani, bisibisi fupi hailali vizuri. Basi nikailegeza ile klipu, nikaizungusha mpaka kichwa chake kikanitazama. Nikajaribu kukaza, bisibisi ikachupa. Nikajaribu tena, ikachupa. Ilitakiwa bisibisi ndefu, nayo ndefu ilikuwa karakana, mwendo wa dakika tano kwa pikipiki.

Nikatoka chini. Yeye alikuwa upande wa pili wa ndege, amekaa kwenye kreti lililopinduliwa, anaandika kwenye daftari la ndege. Hakuinua kichwa.

"Fundi, ile ya chini ya pampu hujairudia?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Msomaji wangu wa hapa ameshaelewa nilichosema. Hujairudia? Ndiyo, sijairudia. Bibi akimuuliza mjukuu hujala, mtoto akisema ndiyo, bibi anakwenda kupakua ugali. Hakuna anayebishana hapo. Lakini kule alikokulia yeye, ndani ya Kiswahili kile kilichonyooka, kulikuwa na lugha nyingine imekaa chini yake, na katika lugha hiyo mtoto akisema ndiyo basi ameshakula. Yeye alisikia kazi imekwisha. Mimi nilimwambia kazi bado. Na wote wawili tulikuwa na hakika.

Karakana nilichelewa. Bisibisi ndefu ilikuwa imetumika kuzibulia kitu na kutupwa nyuma ya mapipa, na nilipoiona nikakaa kuifuta uchafu huku nikimtukana aliyeitupa. Ndipo nikasikia injini. Nilidhani anaipasha moto tena, nikashangaa kidogo, nikaendelea kufuta. Halafu sauti ikabadilika. Injini iliyoko chini ina sauti nzito, inagonga ardhi na kurudi; ikishaacha ardhi inakuwa nyembamba na safi. Nikatoka nje na bisibisi na kitambaa mikononi. Ndege ilikuwa juu ya mkonge, nyeupe, inapanda.

Kwanza nilikasirika. Nilisema kwa sauti, peke yangu pale mlangoni, kwamba huyu mtoto hana subira, kwa nini hakunisubiri. Nikatembea hatua mbili tatu kuelekea kwenye pikipiki. Ndipo nilipolisikia lile neno langu, ndiyo, kwa masikio yake. Nikashika ukuta.

Sitajipamba. Hofu ya kwanza haikuwa ya kwake, ilikuwa ya kwangu. Niliona polisi, niliona wazazi wake wakishuka kwenye gari, nikaona mke wangu akiulizwa maswali. Hofu ya kwake ilikuja nusu dakika baadaye, na ilipokuja ile nyingine ikawa kitu kidogo sana.

Niliendesha pikipiki kurudi kiwanjani kwa mwendo ambao sijawahi kuuendesha. Alikuwa bado anazunguka, mzunguko wa pili. Nikasimama katikati ya nyasi nikapunga mikono. Nikavua shati nikalipunga. Nikaelekeza kidole chini, nikaelekeza kwenye tumbo langu, kwenye mdomo, sijui nilikuwa nataka kusema nini. Alipita juu yangu chini kabisa, nikaona kofia yake, nikaona hata mkono. Akatikisa mabawa, huku na huku, kunisalimia. Mzunguko wa tatu akanyoosha kuelekea Handeni.

Nikapiga simu yake. Ikaita karibu yangu. Ilikuwa kwenye boksi la spana, juu ya kitambaa, anaiacha hapo akishika mafuta. Kwenye kioo chake niliandikwa Fundi, basi, hakuna jina. Nikakata. Redio ya mawasiliano ilikuwa moja, nayo ilikuwa ndani ya ndege. Nikabaki nimesimama na simu mbili na bisibisi ndefu.

Sauti ilikwenda ikipungua, ikawa kama nzi ndani ya chumba kingine, kisha sikuweza kujua kama naisikia au naikumbuka. Nilizuia pumzi ili nisikie. Upepo ukipita kwenye mkonge unatoa sauti, na kila ulipopita niliuchukia.

Fundi anateseka kuliko mtu mwingine kwa sababu anajua hatua zote. Niliiona klipu imelegea shingoni mwa mpira, imekaa tu. Nilijua mpira wenyewe utashika kwa muda, kwa kuwa haukupakwa oili. Hilo lilinipa moyo kidogo, na moyo huo nilipewa na yeye aliyenishika mkono. Halafu maji yakipata moto na kusukuma, mpira utaanza kutembea, unywele kwa unywele. Tone la kwanza litaangukia bomba la moshi. Harufu tamu itaingia ndani. Je, ataijua? Mshale wa joto utapanda, na baadaye, maji yakishakwisha, utashuka, kwa sababu hakuna kitu cha kupima, na asiyejua atadhani mambo yamepoa. Kwenye trekta nimeona dereva amedanganywa hivyo mpaka injini ikakamata. Trekta ilisimama. Dereva alishuka akawasha sigara.

Baba yangu alikuwa mtu wa kanisani, mama wa msikitini. Niliomba kwa njia zote mbili, nikazichanganya katikati, nikaanza upya.

Na nitasema jambo lingine ambalo mke wangu tu analijua. Nilipokuwa nimekaa pale karibu na gunia la mipira mibovu, niliitazama ile bisibisi ndefu nikafikiri kuirudisha nyuma ya mapipa. Hakuna aliyesikia tulichosemezana. Mlinzi alikuwa ameenda kukusanya mbuzi wake. Ningesema nilikaza zote, akaniuliza, nikamjibu ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, nililitamka. Nilifika mpaka kusimama. Sikwenda, lakini si kwa wema. Miguu ilikataa tu.

Simu yake ikaita.

Namba ngeni, ya hapa hapa nchini. Niliitazama ikitetemeka juu ya kitambaa. Kama ni mama yake je, amepiga kwa simu ya mtu? Kama ni polisi, wameokota namba wapi? Nikaiacha. Ikakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mlio, lakini ilipoita tena niliiacha tena. Mzee mzima, mjukuu wangu anasoma darasa la tatu, nilikaa nikiiogopa simu. Mara ya tatu nikapokea.

"Asalaam aleikum," mtu akasema. Sauti ya mwanaume mtu mzima, ya huko huko kwa wakwe zangu, ile inayovuta maneno.

"Waaleikum salaam."

"Habari za huko?"

"Nzuri."

"Wazima wote?"

"Wazima, mzee. Habari za—"

"Na kazi?"

"Kazi zinaendelea."

"Haya. Na sisi huku nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Ni mvua imetuharibia njia."

Nzuri tu. Nilitaka kulia. Kwetu mwenye maiti ndani ya nyumba naye husema nzuri kwanza, salamu zikamilike, halafu ndipo aseme lililomfanya apige. Nimepokea habari za misiba minne kwa simu na yote ilianza na nzuri. Kumkatiza mtu mzima ni utovu wa adabu, na kichwa changu hakikuwa na nguvu za kukosa adabu. Nikangoja.

"Sasa wewe," akasema, "ni nani yake huyu binti?"

Huyu. Ningeweza kulishika hilo neno, lakini aliyelala chini ya kanga naye ni huyu.

"Mimi fundi wake."

"Aa. Fundi." Nikamsikia akimwambia mtu pembeni, ni fundi. "Basi, fundi, ndege yenu imo kwenye mihogo yangu."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee. Yule dada."

"Mwenyewe huyu hapa, kavua viatu."

Nikakaa chini kwenye nyasi. Sijui kwa nini hivyo viatu ndivyo vilivyonimaliza. Maiti havui viatu. Nililia, simu ikiwa sikioni, na yule mzee akaendelea kunieleza mihogo mingapi imelala.

Kisha akampa simu. Namba yangu hakuijua kwa kichwa. Iliyokuwa kichwani ni ya kwake mwenyewe, ndiyo maana aliipiga. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma.

"Fundi. Mpira mnene wa chini umechomoka. Nilisikia harufu, nikazima injini nikiwa bado juu. Nimetua kwenye barabara ya changarawe huku Kwaluguru, mwisho wake nikaingia shambani."

"Umeumia?"

"Goti. Ndege ni nzima." Akavuta pumzi. "Nafikiri klipu ilikuwa mbovu toka dukani. Inatokea."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningepita tu.

"Klipu haikuwa mbovu," nikasema. "Sikuikaza. Niliilegeza niigeuze, nikafuata bisibisi ndefu karakana."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza hujairudia. Nikasema ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, sijairudia."

Niliondoa simu sikioni kuangalia kama haijakatika. Nilisikia kuku wa yule mzee.

"Mimi nilisikia ndiyo," akasema mwishowe, polepole. "Sikuangalia. Ningelala chini na tochi nikaangalia, lakini nilisikia ndiyo." Halafu, "Njoo na hiyo bisibisi." Salio la mzee likaisha hapo.

Njia ya mkato ilikuwa imekatika kwa mvua, nikazunguka kwa Segera. Nilibeba galoni la maji ya rejeta, naapa niliyaita kulanti, na tochi, na klipu mpya tano za akiba. Nilipita Segera bila kuona basi wala muuza machungwa, nikapita Mkata mbele ya nyumba ya shemeji yangu bila kusimama, na mpaka leo ananikumbusha. Njia nzima nilikuwa nikiangalia juu, kwenye anga ambalo halikuwa na kitu. Mtu alikuwa hai, nimemsikia kwa masikio yangu, na bado hofu haikutoka. Ilikuwa imehama tu, kutoka kifuani ikashuka mikononi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya mwenye shamba, goti limefungwa kanga, anakula muhogo wa kuchemsha. Hakunipa shikamoo. Mwenye shamba ndiye aliyenisalimia, salamu zote tangu mwanzo, na majirani walikuwa wameshaisukuma ndege wakairudisha barabarani, wamesimama kuizunguka.

Nikalala chini kwenye changarawe. Mpira ulikuwa unaning'inia, klipu bado iko shingoni mwake, imelegea, kichwa cha skrubu kimenitazama vile vile nilivyokigeuza. Niliitupa ile, nikaweka mpya. Nikakaza kwa bisibisi ndefu. Tukajaza maji. Akawasha, akaiacha injini ipate moto mpaka mshale ukasimama mahali pake, akazima, tukangoja ipoe, nikazirudia klipu zote, mbele yake. Halafu yeye mwenyewe, na lile goti, alilala chini na tochi akapitisha kidole kila mahali. Alikaa huko chini muda mrefu.

"Safi," akasema akitoka.

Jua lilikuwa bado juu. Barabara ilikuwa imenyooka na tupu, watu wamewaondoa ng'ombe. Alijifuta mikono, akaenda upande wa abiria, akafungua kimlango, akanitazama.

"Kiti kipo. Utapanda?"

Kila mtu alisikia. Mwenye shamba akatabasamu, akaona nimepewa zawadi. Mimi nilitazama boneti. Nilijua ile klipu imebana. Vidole vyangu vilikuwa bado na alama ya mpini. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba imebana.

"Sitapanda," nikasema.

"Klipu imebana?"

"Imebana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akangoja niongeze kitu. Niliona aibu hata masikio yakapata moto, lakini miguu yangu ilikuwa imeshanisemea. Akafunga kimlango taratibu, akachomoa ufunguo akautia mfukoni.

"Basi na mimi sipandi," akasema, akamgeukia mwenye shamba kumuuliza kama kuna mtu jirani mwenye lori la Fuso.

Kesho yake yule dada akaja na fundi mwingine kutoka mjini, wakayafungua mabawa, wakaipakia ndege kwenye lori juu ya magunia ili isichubuke. Mimi nilikuwepo toka asubuhi, na boksi langu la spana. Sikuombwa kushika hata nati moja. Lori lilipokuwa tayari kuondoka, walinipa kushika ncha ya kamba, fundo wakalifunga wao.